Chanjo ya Baba

Baba alifika kwangu Kibaha siku ya Jumapili, na begi la kitambaa na mfuko wa mihogo, akasema hatakaa zaidi ya siku tatu. Alikuwa kwenye kundi la mahujaji, na kiongozi wao alikuwa ameshawaonya kwamba kila mmoja achomwe chanjo ya homa ya uti wa mgongo zikiwa zimebaki siku kumi au zaidi kabla ya safari. Kijijini kwake Kibuta, Kisarawe, chanjo hiyo haipo. Ndiyo maana alikuja.

Nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha. Nyumba yangu ya Mbwawa ina vyumba vitatu na mimi nalala kimoja. Mwanangu wa pekee anasoma Dodoma, na baba yake tuliachana zamani. Kazini niko masijala. Wanaofika dirishani kwangu wanaulizia mafaili, wakipata wanaondoka. Kuna Ijumaa huwa natoka ofisini na sizungumzi tena na mtu hadi Jumatatu. Sasa nilikuwa nikirudi jioni nakuta mlango uko wazi, uwanja umefagiwa, na mzee amekaa barazani amevaa kofia yake, anauliza, "Umechelewa, kulikoni?"

Jumanne niliomba ruhusa nikampeleka hospitali. Benchi lilikuwa limejaa mahujaji waliosindikizwa na wake, wana na wajukuu, na kijana mmoja aliyekuwa anakwenda kusoma nje. Watu walikuwa wanacheka na kutaniana. Baba alikaa kimya, mikono katikati ya magoti. Nilidhani anaogopa sindano.

"Baba, ni moja tu, tena ya begani."

"Siogopi sindano, mwanangu."

Kisha, bila kunitazama, akasema, "Huu ugonjwa ndio uliomuua mdogo wangu."

Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Nilijua shangazi zangu wote, wazima na marehemu. Sikuwahi kusikia kwamba baba alikuwa na mdogo wa kiume.

Akanisimulia palepale kwenye benchi, kwa sauti ya chini. Yeye alikuwa na miaka kumi, mdogo wake sita. Walitumwa kulinda shamba la mpunga, wafukuze ndege. Asubuhi mtoto akalalamika kichwa kinamuuma. Baba akamwambia anajifanya, hataki kazi. Mchana mtoto akajilaza kwenye kidungu, jukwaa la kulindia ndege, akasema hawezi kugeuza shingo. Baba akamwacha akaendelea kurusha mawe. Walipokuja kuitwa jioni, mtoto alikuwa hamjui tena mtu. Babu yangu alimpakia kwenye baiskeli akamkimbiza misheni ya Maneromango, wakati huo barabara ikiwa tope tupu. Alirudi peke yake baada ya siku mbili. Mvua haikuruhusu kurudisha maiti, kwa hiyo Waislamu wa huko walimsaidia kuzika hukohuko.

"Nyumbani hakuna aliyeniuliza," alisema. "Na mimi sikusema."

Muuguzi akamwita. Alikuwa mama wa makamo, mchangamfu. Alimuuliza kama kuna dawa inayomdhuru, akamweleza kwamba kule watu wa mataifa yote wanabanana, na ugonjwa huu unapita kwa pumzi na mate. Baba alikunja mkono wa kanzu. Sindano ilipotoka akamuuliza muuguzi:

"Mwanangu, mtoto akiupata asubuhi, mtu akachelewa mpaka jioni, ni yeye aliyemuua?"

Muuguzi alinitazama. Nilitazama sakafu.

"Babu, huu unakwenda mbio," akasema. "Kuwahi kunasaidia, siwezi kukudanganya. Lakini hata wanaowahi, wengine hatuwaokoi. Na mtoto wa miaka kumi hawezi kuujua. Mimi mwenyewe nimeusomea, na siku ya kwanza unaweza kunipita."

Baba aliitikia kwa kichwa. Sikujua imemwingia au la. Tulikaa nje robo saa kama tulivyoambiwa, kisha akapewa kadi yake ya njano. Aliifungua, akaifunga, akaiweka mfuko wa ndani wa kanzu.

Siku hiyo bega lilimuuma na mwili ukachemka kidogo. Nilimpikia uji. Alipomaliza akasema, "Nimezunguka Kibuta nzima kuwaomba watu wanihalalishie makosa yangu kabla sijaondoka. Hata yule niliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Amebaki mdogo wangu huyo."

Nilimsihi abaki kwangu hadi siku ya safari. Alibaki. Siku ya kuondoka nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege, na alipopita ndani hakugeuka nyuma, kwa sababu kundi lilikuwa linamharakisha. Nilirudi Mbwawa nikakuta ndoo zote amezijaza maji.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari la Maneromango. Sikumwambia mtu, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Njia ilituchukua asubuhi nzima. Karibu na misheni nilimkuta bibi mmoja anaanika mihogo, nikampa shikamoo nikamuuliza makaburi ya zamani ya Waislamu yako wapi.

"Unamtafuta nani?"

"Mtoto. Ni zamani sana, bibi."

Hakuuliza zaidi. Alinipeleka mwenyewe, taratibu, hadi nyuma ya mikorosho. Ardhi ilikuwa tambarare, majani makavu kila mahali. "Wote wamo humu," akasema. "Yupi ni yupi, mimi sijui." Akaniacha.

Nilisoma Fatiha. Kisha nikasema kwa sauti, nikiona haya kama vile kuna watu wananisikia, "Baba yangu anaomba umhalalishie. Alikuwa mtoto." Nikasimama muda mrefu. Sikuhisi jibu lolote. Nilisikia njaa, na kichwa kiliniuma kwa jua.

Baba alirudi salama, amekonda, amenyoa kichwa. Nilimweleza siku ya pili yake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kuna nini pale sasa?"

"Mikorosho."

"Basi wana kivuli," akasema, akafuta uso kwa kiganja. Alisema nikipata nafasi twende pamoja. Hatujakwenda bado, miguu yake haimruhusu.

Alirudi Kibuta wiki hiyohiyo. Wiki ya kwanza alikuwa akinipigia simu kila asubuhi, kuuliza kama nimekula. Nilikuwa namjibu nimekula, huku chai bado iko jikoni sijaigusa.