Inspekta Niliyemsukuma Mlangoni

Miaka ya sitini nilikuwa mwalimu katika kijiji cha Nyabiondo, mwenye mdomo mrefu kuliko akili. Mkuu wa shule alitaka kumwondoa binti mmoja, Furaha, kwa sababu ya kigugumizi, nami nikaapa kumtetea. Basi inspekta wa shule akaja kumsikiliza mwenyewe.

"Je-je-jina yako ni nani?" akamuuliza.

"Fu-fu-Furaha."

"Ni mu-mu-muzuri."

Hasira zikanipanda. Nikamkamata koti, nikamsukuma hadi mlangoni.

"Papa, toka inje! Hapa hakuna kucheka mutoto!"

Inspekta akajaribu kujibu. Midomo ikamtetemeka, jasho likamtoka, neno likakataa kutoka. Furaha akasimama.

"Mwa-mwalimu," akaniambia, "mu-muache amalize. Njo vile anasemaka, ka-kama mimi."