Mwanamke Aliyekalia Mashoka

Mume wa Shangazi Fevronia, marehemu Uibaan, alikuwa mkata barafu mwenzetu hapa bandarini kwenye mto Lena. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo, kitandani kwake, na wiki moja baadaye shangazi akaja kwenye kibanda chetu cha kupumzikia kuchukua mabuti ya marehemu. Alitukuta mapumzikoni, tumebanana kando ya jiko lililotoa moshi kuliko moto, glavu zimelowa na kurundikwa sakafuni. Alisimama mlangoni akatutazama mmoja mmoja, kisha akavua koti, akatafuta fimbo, akaanza kuzibua bomba la jiko.

"Mume wangu alikuwa akivaa hizi?" aliuliza, akiinua glavu moja kwa ncha za vidole.

"Ndiyo, shangazi."

"Basi nashangaa alifika miaka hamsini na nane."

Kesho yake alirudi na kamba ya kuanikia. Siku iliyofuata akaja na sufuria ya supu ya nyama ya farasi. Msimu wa pili ofisi ikamwandika kazi, maana ilikuwa aibu mtu aonekane kila siku na jina lake lisiwe popote.

Sisi kazi yetu ni kuchimba barafu kuzunguka meli zilizogandia mtoni, ili mafundi wafikie pangaboi linalosukuma meli na usukani ulio chini ya maji. Unakata kidogo, unaiacha baridi igandishe maji ya chini, unakata tena. Ukiwa na pupa ukatoboa, maji yanapanda, na shimo la mwezi mzima linajaa ukiangalia. Kwa hiyo baridi tunaiombea iwe kali, na hiyo hiyo ndiyo inayotutafuna vidole.

Shangazi alikulia kijijini, akikamua ng'ombe alfajiri tangu ana miaka saba, na vidole vyake kumi alivionyesha kama mtu anayeonyesha cheti. Masharti yake yalikuwa machache. Soksi zikilowa, zinabadilishwa. Hatoki mtu peke yake. Mnatoka wawili, kila mmoja amchunge mwenzake pua na mashavu, yasije yakageuka meupe kwa kugandishwa na baridi. Na kabla ya kutoka unasimama mbele yake mikono mitupu, unafunga kifungo cha shati. Vidole vikishindwa, unarudi kwenye benchi. Tukitaka vodka alituambia, "Hiyo inakudanganya una joto. Mimi sikudanganyi. Kunywa chai."

Msimamizi wetu Gavril alikuwa mtu mwema, ila akishika kazi hasikii. Januari ya msimu wa tisa wa shangazi, baridi ilishuka hadi nyuzi hamsini na moja chini ya sifuri, na mafundi wa meli walikuwa waje Jumatatu. Pangaboi lilikuwa bado ndani ya barafu. Gavril akapunguza mapumziko kutoka dakika ishirini hadi kumi, na mambo ya vifungo akasema ni ya chekechea.

 Alhamisi, tukiwa tunakunywa chai, shangazi aliokota mashoka na mitaimbo yetu yote mlangoni, akaipanga kwenye benchi lake, akatandika koti juu, akakaa.

Gavril akaweka kikombe chini. "Haya, twendeni. Mama, ondoka hapo."

"Nimechoka. Nimekaa."

"Umekalia mashoka!"

"Ndiyo maana sistareheki."

Tukacheka ndani ya vikombe. Gavril akapandwa na hasira. "Mafundi wanakuja Jumatatu! Nitawaambia nini mimi?"

"Waambie kuna bibi mmoja mnene alikaa, akakataa kuinuka."

Uso ulimwiva Gavril kwa hasira, lakini upande mmoja tu. Shavu la pili lilibaki jeupe kama mshumaa. Sisi hatukuliona. Shangazi aliliona, na sauti yake ikabadilika.

"Gavril. Hebu funga kifungo cha shati lako."

"Mimi si mtoto, mama."

"Najua. Nifurahishe tu."

Akavua glavu. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, vikavu, na viligonga kile kifungo kama vijiti. Akajaribu mara ya pili, na ya tatu. 

"Kifungo hiki kibovu," alisema polepole.

"Kibovu kweli. Njoo ukae hapa."

Niliruka nikachote theluji nimsugue, kama nilivyomwona babu akifanya. Shangazi akanidaka ukosi. "Msugue na theluji, nami nikusugue wewe na brashi ya sakafu! Lete beseni."

Alichanganya maji, akayapima kwa kiwiko hadi yakawa ya uvuguvugu, akaiingiza mikono ya Gavril humo taratibu. Damu ilipoanza kurudi, maumivu yalimtoa machozi yule mwanaume mzima. Shangazi alimshika viwiko, akamsimulia hadithi ndefu ya ng'ombe mmoja mkorofi aliyempiga teke diwani, mpaka Gavril akawa analia na kucheka pamoja.

"Tangu asubuhi nilikuwa sivisikii vidole," alisema baadaye. "Niliona nikisema, wote mtasimama."

"Tungesimama," shangazi alimjibu. "Sasa kuna ubaya gani?"

Wawili wetu tulimpeleka hospitali, mikono imefungwa vitambaa vikavu ndani ya koti la shangazi. Vidole vyote vilipona. Kucha mbili zilimtoka na ngozi ilimbanduka kama ya kiazi, na daktari akamkataza kukaa kwenye baridi hadi kiangazi. Nyumbani alivumilia siku tatu. Ya nne alijikokota hadi kibandani na bandeji zake, na shangazi, aliyechoka kumwona akizunguka, akampa saa ya ukutani aiangalie. Ikawa yeye ndiye anayefungua mlango na kutupigia kelele: "Muda! Ndani, ndani, hata wewe uliyejificha nyuma ya usukani!"

Mafundi walikuja Jumatatu, wakakuta kazi haijaisha. Wakanywa chai, wakacheza karata, wakangoja siku nne.

Siku pangaboi lilipotokeza lote, tulimwomba shangazi ashuke alione. Misimu tisa alikuwa hajawahi kushuka. Alinishika bega, akateremka ngazi tulizochonga kwenye barafu, hatua moja moja, akilalamika. Chini kule kuta za barafu ni za bluu na sauti inajirudia. Akaligonga pangaboi kwa glavu.

"Kumbe ndilo hili? Nilidhani ni kubwa zaidi."

Fundi mmoja, kidogo ameudhika, akaanza kumweleza jinsi linavyozunguka na uzito linaosukuma. Shangazi akauliza hili, akauliza lile, akainama kutazama chini ya usukani. Juu, Gavril alikuwa ameshapiga kelele mara mbili.

"Shangazi, muda umekwisha," nikamwambia. "Twende ndani."

"Ngojeni kidogo bwana," alisema bila kugeuka. "Enhe, fundi, halafu?"