Siku Mama Alipoosha Filta

Nina hasira za karibu. Nimeambiwa hivyo tangu nikiwa msichana, na kila nikiambiwa tena huwa nakasirika.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Singida mjini, na kwa miaka kadhaa nimefuga samaki sebuleni, kwenye tangi la kioo lenye urefu wa meza ya kulia. Watu wananicheka. Jirani yangu mmoja kila akija huuliza kama wameshafikia saizi ya kukaangwa. Ni samaki wa dhahabu, wa kutazamwa tu, na kwa uchafu wanawashinda mbuzi. Bila filta, maji yananuka ndani ya siku chache.

Filta yenyewe niliiagiza Dar, ikaja kwa basi imezungushiwa khanga. Ni pipa dogo la plastiki linalokaa chini ya meza. Mpira mmoja unateremsha maji kutoka kwenye tangi, yanapita kwenye sponji, kisha kwenye vipete vya udongo wa kuchoma, na pampu inayarudisha juu kwa mpira wa pili. Siku ya kuifunga nilihangaika mchana kutwa. Nilisahau kulijaza pipa maji kwanza, likawa linameza hewa na kukohoa. Mfuniko nao sikuukaza sawasawa, sebule ikawa bwawa. Nilipofaulu, ilinibidi nisubiri zaidi ya mwezi kabla ya kuweka samaki sita, maana filta mpya haina kitu. Wanaofanya kazi humo ni bakteria. Wanaota kwenye sponji na vipete, wanaila sumu inayotokana na uchafu wa samaki, na lile tope la kahawia ndiyo nyumba yao. Kwa hiyo ukitaka kuisafisha unachota maji ya tangi lenyewe kwenye ndoo, unazikamua sponji humo mara mbili tatu, basi, unarudisha. Sabuni hapana. Maji ya bomba yenye dawa hapana. Haya nimeyaeleza darasani mara nyingi, na michoro nimechora ubaoni.

Mama yangu alikuja kutoka kijijini kwetu Mungaa kukaa nami mwezi mmoja, ahudhurie kliniki ya magoti. Mama hajui kukaa bure kwenye nyumba ya mwanawe. Akishaitikia shikamoo anatafuta fagio lilipo, kisha anakagua matako ya masufuria. Maneno ya mapenzi hana, ana kusugua. Siku ya kwanza aliinama akalitazama lile pipa linavyounguruma, akaniuliza lina kazi gani. Nilikuwa nasahihisha mitihani.

"Linasafisha maji, mama," nikamjibu bila kuinua kichwa.

Lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa jibu la uvivu. Wanafunzi niliwapa vipindi viwili vizima. Mama yangu nilimpa maneno matatu.

Siku moja aliniona nikilifungua lile pipa, akakaa pembeni kimya akiangalia. Jumamosi iliyofuata jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa isali nyumbani kwangu, na asubuhi hiyo mimi nilikuwa shuleni na kidato cha nne. Mama akaamua kunisaidia. Akafagia, akapiga deki, akafua mapazia. Kisha akachomoa waya wa pampu, akafunga koki za mipira kama alivyoniona, akafungua pipa. Alichokikuta kilimtia aibu kwa niaba yangu: binti yake mwalimu, wageni wa sala wako njiani, na chombo cha kusafishia maji kimejaa tope. Kwa akili ya mtu yeyote, kinachosafisha lazima chenyewe kiwe safi. Akachukua sabuni ya unga na majivu ya jiko la mkaa, akasugua.

Nilirudi saa nane. Wanajumuiya wawili walikuwa wameshawahi, wamekaa sebuleni. Pipa lilikuwa mahali pake, linaunguruma, halivuji hata tone. Mimi na digrii yangu nilikuwa nimefurikisha sebule, yeye alijifunza kwa kutazama mara moja. Hilo nililiona baadaye sana. Siku ile nilichoona ni ndoo ya maji ya povu karibu na mlango, na mama anatabasamu.

"Mwanangu, samaki wako walikuwa wanakunywa tope," akaniambia kwa Kinyaturu. "Nimesugua mpaka vile vipete vimekuwa vyeupe."

Mimi na mama hatujawahi kuongea Kiswahili tukiwa wenyewe. Siku ile nilimjibu kwa Kiswahili, kilekile ninachowafokea nacho wanafunzi, na wale wanawake wanasikia.

"Nani amekutuma? Hapa siyo Mungaa! Kitu hukijui, usikiguse!"

Mgeni mmoja akaanza kufunua kitabu chake cha nyimbo. Mama akasema, "Basi, nisamehe," naye kwa Kiswahili, kisha akainama kuitoa ile ndoo nje. Nilimwacha ainyanyue na magoti yake yale.

Jumatatu samaki walianza kupumulia juu ya maji. Hapa ndipo ninapojichukia zaidi, kwa sababu wangeweza kupona. Dawa yake naijua: unatoa nusu ya maji na kuweka mengine yaliyolazwa kwenye ndoo ili dawa ya bomba iishe, kila siku, mpaka bakteria waote upya. Sikufanya. Nilitaka mama aone alichokifanya. Wakafa mmoja mmoja, wa sita Alhamisi, na kila niliyemtoa nilipita naye sebuleni taratibu, nikijua mama anatazama.

Alirudi Mungaa kabla kliniki haijaisha. Alisema kuku wake hawana mtu wa kuwaangalia. Baada ya wiki mbili nilimpigia simu, nikamwomba msamaha, nikalia. Nikamweleza na habari za bakteria, kwa kuchelewa, naye akawa anaitikia "ee, ee" kama mwanafunzi anayesubiri kengele. Akasema yameisha. Akaniuliza kama nakula vizuri.

Amenisamehe, hilo sina shaka nalo. Lakini nyumbani kwangu hajashika fagio tena.

Mwezi uliopita alikuja kwa ajili ya magoti yaleyale. Asubuhi nilimwandalia chai, nikaenda kazini. Niliporudi jioni nilimkuta kwenye kiti kilekile, kikombe kitupu kipo mapajani, majani ya chai yamekaukia ndani.

"Mama, mbona hukukiweka jikoni?"

Akakishika kwa mikono miwili, akaninyooshea. Mikono ile ndiyo iliyoniogesha.

"Nilikuwa nakusubiri," akasema, "uniambie kinaoshwaje."