Simu za Upande Mmoja

Dada yangu, Mungu amrehemu, hakuzaliwa akiitwa Dada Nakusomea. Jina hilo alipewa na wateja. Alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi, chumba kimoja chenye kompyuta mbili, printa yenye kiburi na benchi la watu wanne ambalo siku zote lilikaliwa na sita. Watu walikuja na barua zao kichwani: ya kuomba kazi, ya kuomba ruhusa, ya kuomba radhi. Wao walitamka, yeye akachapa. Kila sentensi ilipoisha aliinua kidole, akasema, "Nakusomea," kisha akairudia vilevile ilivyotamkwa. Mwisho aliuliza, "Mkato au nukta?" Hakuendelea mpaka ajibiwe.

"Dada, malizia tu, gari litaniacha."

"Lipo jingine saa nane. Mkato au nukta?"

Baba mdogo, yaani mdogo wa marehemu baba yetu, aligombana naye hapohapo dukani. Alikuwa anamshtaki jirani kwa barua, na katikati akataka mbuzi walioingia shambani kwake waongezwe.

"Weka watatu. Inatisha zaidi."

"Baba mdogo, nimekusomea wawili, ukasema nukta."

Mzee alikaa mwezi mzima bila kumsalimia. Naanza na hayo ili mjue mtu aliyesingiziwa na kaka yetu akiwa kaburini.

Kaka ndiye mtoto wa kwanza. Ana miaka kumi na minane nje ya nchi, na sauti tamu, na kuahidi kwake ni kama kupumua. Mwaka juzi alimwambia mama, kwa simu ya intaneti, kwamba Jumatatu angekuja kumpeleka kwa daktari wa macho. Mama alikaa wiki nzima na begi mlangoni, viatu vya kutokea vikiwa miguuni. Kaka alipopatikana alisema, "Mlinielewa vibaya. Nilisema nitajaribu."

Siku hiyo dada alimwita fundi, akamwekea kwenye kompyuta programu ya kurekodi simu. Fundi akamwambia aijaribu. Dada akafunga mlango, akasema "moja, mbili, tatu", akasikiliza, akaisikia sauti yake safi kabisa. Akaridhika. Tangu hapo kila simu ya kaka ilipokelewa dukani, na kila simu ikawa faili lenye tarehe. Yalifika arobaini na moja. Alizungumza amevaa hedifoni, maana benchi lile lina masikio, na ya nyumbani kwetu hakutaka yasikike. Kuyasikiliza hakurudi. Muda angeutoa wapi?

Moyo wake ulisimama mwezi wa tatu, akiwa kitini pake, karatasi ya mteja imetoka nusu kwenye printa. Kaka alifika siku mbili baada ya maziko. Hakuuliza kaburi liko wapi. Aliuliza hati ya nyumba iko wapi.

Nyumba tunayoishi na mama ilijengwa na baba, akaiandikisha kwa jina la kaka akiamini kwamba mkubwa ataangalia wadogo. Sasa mnunuzi alikuwa amepatikana. Alitaka kitu kimoja tu, saini ya baba mdogo kama mkubwa wa ukoo, kuthibitisha kwamba familia haina ubishi. Mama angehamishiwa chumba cha uani kwa shangazi. Mama huyu asiyeona vizuri, anayetembea nyumba hii kwa kupapasa kuta anazozijua.

"Na tulishakubaliana na marehemu kwenye simu," kaka alituambia sebuleni, mimi, mama na baba mdogo, miguu yake juu ya meza ya baba. "Mwezi wa pili. Mwenyewe alisema niuze."

"Mwongo," nikasema.

"Nani kamuuliza huyu? Kidato cha nne kimekupa mdomo tu."

"Simu zote alizirekodi. Ngoja hapo."

Nilikwenda dukani, nikarudi na kompyuta kifuani, nikaiweka mezani. Kaka alishusha miguu.

"Alikuwa ananirekodi? Kama mwizi?"

"Neno hilo umelileta wewe."

Nikafungua faili la mwezi wa pili. Sauti ya dada ikajaa sebuleni, na mama akashika mkono wa kiti.

"Kaka, narekodi. Usije ukasema sikukuambia." Kimya. "Cheka tu, narekodi." Kimya kirefu. "Ehe." Kimya. "Ehe, endelea."

Nikaongeza sauti hadi ukomo wake. Hapakuwa na kaka. Nikafungua faili jingine, na jingine. Ndipo nikaelewa. Programu ilinasa maiki tu, na maiki ilimsikia dada. Kaka aliishia kwenye hedifoni, masikioni mwa dada. Aliijaribu akiwa peke yake, angejuaje?

Kaka alicheka hadi akafuta machozi. "Hii ndiyo silaha yenu? Mtu anaongea na ukuta!" Akachomoa kalamu yake ya kung'aa, akaitia mkononi mwa baba mdogo. "Saini, mzee, tusipotezeane muda."

Nilirudi kwenye faili lile la mwezi wa pili, nikaliacha liendelee. Sikuwa na mpango wowote. Sikuweza tu kumzima dada.

"Haya, kaka. Nakusomea."

Baba mdogo akainua kichwa kutoka kwenye karatasi aliyopewa asaini.

"Umesema nyumba haiuzwi mama akiwa hai. Umesema hata ukibanwa vipi huko, haiuzwi. Nimesoma sawa?" Kimya. "Kaka, nimeuliza, nimesoma sawa?" Kimya. "Haya. Mkato au nukta?" Kimya kifupi. "Nukta. Ahsante. Mungu akubariki."

"Sauti yake hiyo!" kaka akafoka. "Angeweza kusema lolote! Mimi nimesikika wapi?"

"Rudisha," mama akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

Nikarudisha. Ilipofika "nimesoma sawa?" akaniashiria nisimamishe, akageuza uso upande aliokaa kaka.

"Mdogo wako amekuuliza. Mjibu."

"Mama, huyo ni marehemu."

"Najua. Nilimzika mimi, si wewe. Mjibu."

Kaka alitazama dari. Akatazama saa.

"Mimi huyu alininyima mbuzi mmoja kwenye barua yangu mwenyewe," baba mdogo akasema taratibu. "Leo akuongezee wewe nyumba nzima kwenye maneno yako?" Akafunika ile kalamu ya kaka, akaichomeka kwenye mfuko wa shati lake.

"Mtanitafuta!" kaka alipiga kelele akiwa mlangoni. "Mama akiugua mtanitafuta!"

"Kwa simu?" nikamuuliza. "Tutarekodi."

Mnunuzi alipokosa ile saini alikwenda kununua kwingine. Mama bado anapapasa kuta zake. Duka naliendesha mimi, na mama huja kukaa benchini, akaniomba nimfungulie faili moja. Dada akisema "ehe, endelea", mama huitikia kwa kichwa.

Najua ninapaswa kumsamehe kaka. Kila sala najaribu. Namtaja baba, namtaja dada, nafika kwenye jina lake, na hapo napo panakuwa kimya kama kwenye yale mafaili.