Kisima cha Mama Kanini

Enzi zetu kule Nuu hakukuwa na kitufe cha kurudia. Nasema hivi kwa sababu mwanangu Kyalo, mwenye miaka kumi na saba na asiyejua kumfunga punda mitungi, amemaliza mchezo wa video ambao, anavyoniambia, unafundisha maadili. Humo unaulizwa: utasema ukweli, au utamwacha mwenzako aadhibiwe? Kisha unangojwa kwa adabu ufikirie. Kyalo ameumaliza mara tatu: mara moja akiwa mwema, mara mbili akiwa msaliti, kwa sababu msaliti hupewa farasi mzuri zaidi.

Sisi tulikuwa na punda. Wakati wa kiangazi mto ulikuwa mchanga mtupu, na kila boma lilichimba kisima chake humo na kukizungushia miiba. Mnyama hanyweshwi kwenye kisima cha mwenzako. Hilo hata mtoto wa miaka minne alilijua. Mimi nilikuwa na kumi, na akili nyingi. Kisima chetu kilikuwa kimeshuka kupita urefu wangu, na binamu yangu Mwende, aliyeishi kwetu ili asome, alikuwa ndani akiteka kwa kibuyu. Cha jirani yetu Mama Kanini kilikuwa na maji juu juu, yenye harufu ya mchanga baridi. Nikasogeza miiba, nikamkaribisha punda. Alikunywa, akanya humo humo, na alipotoka akabomoa ukingo wote.

Jioni Mama Kanini alifika kwetu kushtaki. Mama yangu akatupanga jikoni mimi na Mwende, akauliza huku moshi ukituuma macho.

"Nani ameingiza punda kwa kisima ya watu? Mungu anawaona."

Mungu alikuwa anatuona, na mimi nilikuwa naiangalia sufuria ya muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa. Mwende ndiye aliyeonekana akimwongoza punda njiani, basi nikanyamaza. Sikusema uongo hata kidogo, na hilo nimejisifia miaka mingi. Hata nilipookoka, nikasimama kanisani kutoa ushuhuda, nilikiri sukari yote niliyowahi kuiba nikaruka kisima.

Mwende alichapwa, na wiki iliyofuata akarudishwa kwao Kalamba. Shule yake iliishia hapo, darasa la nne.

Juzi nilimwomba Kyalo anifundishe huo mchezo wa maadili. Nilicheza siku nne za likizo, miwani puani, nikichagua ukweli kila mara bila kusita. Mwishoni kijiji kizima kilinishangilia kwa muziki.

"Mum, uko na roho safi," Kyalo akasema. "Hujadanganya hata mara moja."

Mwende bado yuko Kalamba, analima. Kila mavuno hunitumia ndengu, halafu hupiga simu kuuliza kama zimefika. Jana alipiga. Nikamwambia zimefika, ni safi, asante.

"Haya dada. Kuna ingine?"

Mchezo ungeningoja. Nilisikia mbuzi wakilia nyuma yake, na mtu akimwita aje haraka. Nikasema hakuna.