Kamusi wa Jiko la Hospitali

Jikoni kwetu hospitalini tulimwita Kamusi, na alituitikia bila kununa. Ndiye aliyekuwa mpishi mkuu. Ukianza kazi kwake hakukukabidhi kisu kabla hajakufundisha maneno, maana wauguzi walikuwa wakiagiza chakula kwa aina, na mpishi akielewa vibaya, mgonjwa anapaliwa.

"Laini," aliniambia siku ya kwanza, mimi niliyekuja kumenya viazi tu, "ni kitu ambacho ukikiminya kwa uma kinakubali bila ubishi. Rojo linang'ang'ania kijiko kidogo kabla ya kuanguka. Majimaji yanapita kwenye chujio bila kusukumwa. Na kawaida ni chakula ambacho mgonjwa ana nguvu za kukilalamikia."

"Na kutokosa, mama, si ndiyo kuchemsha?"

"Kuchemsha maji yanapiga kelele. Kutokosa yananong'ona. Ukinichanganyia hayo mawili utarudi kwenu leo leo."

Mumewe, fundi viatu, alipolazwa wodi ya juu kwa maradhi ya tumbo, Kamusi hakubadilika hata sura. Kila asubuhi alipanda kumjulia hali, akashuka, akafunga kitambaa kichwani na kuwasha majiko. Muuguzi akija dirishani na maagizo ya wodi ile, sisi ndio tuliotega masikio. Mwanzoni fundi alikula laini. Kisha rojo. Kisha tukasikia majimaji. Tulichoomba sote ni kimoja tu: aanze kupanda tena, arudi kwenye rojo, arudi kwenye laini, aende zake nyumbani.

Kamusi alichuja supu ya mumewe mara mbili, akaikabidhi, akageukia sufuria nyingine.

"Mama, unajisikiaje?" nilimuuliza.

"Sijisikii," alisema. "Nipe hizo karoti."

Nilikasirika, sifichi. Nilitamani apige sufuria chini, atutukane, afanye chochote ambacho mtu hufanya.

Asubuhi moja muuguzi hakuishia dirishani. Aliingia mpaka ndani, akasimama karibu na sinki. "Yule baba wa wodi ya juu," alisema, "kuanzia leo apewe chochote atakachotaka."

Mtunza stoo, ambaye mdomo wake huitangulia akili yake, akapiga makofi. "Chochote! Jamani, ameruka ngazi zote! Hongera, mama, mzee anarudi nyumbani!" Wawili watatu wakacheka kwa furaha. Mimi neno hilo sikuwa nimefundishwa, kwa hiyo nilimtazama mwalimu wangu.

Alikuwa akifuta meza, na akaendelea kupafuta mahali palipokwisha kutakata.

"Chochote," alisema kwa sauti ileile ya kufundishia, "ni chakula cha mtu ambaye daktari hana tena sababu ya kumkataza kitu. Hakitamponya, wala hakuna kilichobaki cha kuharibu."

Mtunza stoo akashusha mikono. Muuguzi alikuwa akitazama viatu vyake.

Kamusi akapanda, akarudi. "Anataka viazi vya kukaanga. Vikauke mpaka vilie." Nilimenya, yeye akakata na kukaanga, na hakuna aliyethubutu kumpokea kijiko. Kisha akaniambia nimbebee maji tupande wote.

Fundi alikuwa amekonda hadi shati lilimvaa yeye. Alipoiona sahani, macho yakachangamka. "Wamenifungulia, mama watoto! Si nilikwambia watachoka kuninyima? Sasa nimepona, au siyo?"

Nilitazama pembeni. Nililia pale pale, kimyakimya, kwa niaba ya mtu ambaye halii.

"Wamesema ule unachotaka," Kamusi alimjibu.

Mzee alitafuna kiazi kimoja kwa muda mrefu. Cha pili alikirudisha, akasukuma sahani upande wa mkewe. "Kula na wewe. Ukinikodolea macho hivyo nasahau kutafuna."

Basi Kamusi, akiwa na aproni yake, katikati ya saa za kazi, akakaa kitandani akala. Alikula kimoja baada ya kingine mpaka sahani ikaisha, mumewe akimcheka kwa ulafi.

Tulipofika kwenye ngazi alinishika mkono, vidole baridi.

"Niambie kweli, mwanangu," alisema. "Vile viazi, nilivitia chumvi?"

Sikuwa nimeonja hata kimoja. Nikamwambia ndiyo.