Wakili wa Chunya na Somo la Kukataa

Mzee niliyemtunza Tooting, London, katikati ya miaka ya tisini hakuwa mtu wa kunyweshwa uji kitandani. Mhindi, mjane, amepita themanini, miguu imemgomea, lakini kila asubuhi lazima avae tai ndipo anywe chai. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo bila kufikiri, kama ambavyo ningemwamkia mzee yeyote kwetu. Akaitikia marahaba, akauliza natoka wapi. Nikasema Mbeya. Basi nikawa nimejitafutia makubwa. Tangu siku ile sikupumzika na habari za Chunya, jirani na kwetu.

Huko Chunya ndiko alikokuwa wakili enzi za Mwingereza, wakati watu walipotoka kila pembe kuja kuchimba dhahabu. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati pembeni ya bucha. Mvua ikinyesha, yeye na mteja walikaa wakitazamana tu mpaka ikatike, maana hakuna aliyemsikia mwenzake. Alivaa koti jeusi kwenye vumbi lile jekundu, na mpaka afike mahakamani limeshakuwa kahawia. Alitetea watu waliogombania mashimo, waliopigana vilabuni, waliokutwa na punje za dhahabu ndani ya upindo wa suruali. Alisimulia huku mimi namkanda miguu, na akikaribia penye kuchekesha, anaanza kucheka yeye kwanza mpaka machozi yanamtoka. Nilimwacha aendelee, kwa sababu kumsikia mtu akitaja milima na mito ya kwetu ndani ya nyumba ile ya baridi kulinipunguzia upweke. Sitasema uongo, nilikuwa mpweke sana miaka ile.

Kilichomkera hadi uzeeni ni kwamba kesi nyingi aliangushwa na wateja wake mwenyewe. Hakimu Mzungu akimwambia mchimbaji, "Usiku ule ulikuwa kwenye shimo la mwenzako," mchimbaji anaitikia ndiyo bwana, hata kama usiku ule alikuwa kwake amelala na homa. Hakuwa mjinga. Alilelewa akijua kwamba mkubwa hapingwi usoni. Unamkubalia, kisha baadaye unamtuma mtu akayaweke mambo sawa. Lakini mahakama haina baadaye. "Adabu ndiyo iliyowafunga," mzee alikuwa akisema.

Basi akaanza kuwafanyisha mazoezi. Anakaa kwenye kiti kirefu ofisini, anajifanya hakimu, anawasingizia mambo ya aibu mpaka wamkatalie. Mmoja alimkatalia vizuri sana, kesho yake akaja na kuku kuomba radhi. Hadithi ile niliicheka mno, mpaka yaliponifika mimi.

Nilikuwa naishi Tottenham na binti yangu mdogo, mtoto anayeelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza. Kibali changu kilikuwa kimekwisha, ombi la kukiongeza limekataliwa, na tulikuwa tunasubiri rufaa. Tukishindwa, tunarudishwa. Turudishwe wapi sasa? Mume wangu alikuwa ameshafariki, na shemeji zangu waliichukua nyumba kabla hata matanga hayajaisha. Lakini siku ya mahojiano ya lile ombi, ofisa mmoja wa uhamiaji, mpole, mwenye mvi, aliniambia, "Kwenu una nyumba, na ndugu wanakusubiri." Nikasema ndiyo.

Nilipomweleza mzee, aliweka kikombe chini. "Hata wewe?" akasema. "Umekuja mpaka London ukafanya yale yale?"

Kuanzia hapo, kila tukimaliza chakula cha mchana, yeye anakaa mezani na tai yake, mimi nasimama mbele yake. "Una nyumba Mbeya," ananiambia. Mimi naangalia chini. "Usiangalie zulia, binti. Zulia halitoi hukumu." Nilijaribu, nikaishia kucheka, na kila sauti ikitoka inatoka na samahani mzee. Jamani, mtu nimemwamkia shikamoo asubuhi, mchana nimwambie anasema uongo? Akanisingizia kwamba namwibia sukari. Nikavumilia. Akasema mwanangu hana malezi. Hapo hasira zikanipanda. "Hapana. Hiyo si kweli," nikamwambia nikimkazia macho, na sikuwa naigiza. Akapiga meza kwa furaha, akaagiza chai.

Siku ya rufaa, mzee aliletwa na binti yake kwa gari. Alikaa nyuma kabisa, amevaa lile koti la Chunya, linanuka kabati. Wakili wa serikali akaniuliza kwa upole ule ule, kama si kweli kwamba kwetu nina nyumba inayonisubiri. Nilimtazama usoni. "Hapana," nikasema, "si kweli. Nilikubali kwa sababu aliyeniuliza alikuwa mtu mzima na mimi nilimheshimu. Nyumba ilichukuliwa. Hakuna anayenisubiri." Nikarudia tena bila hata kuulizwa. Baada ya wiki kadhaa jibu likaja: tunabaki.

Kwa kibali kile niliweza kuingia chuo cha uuguzi, jambo nililolitamani tangu nilipofika Uingereza. Nilipata nafasi, nikawa sijui nitamwambiaje mzee. Asubuhi moja nimepiga magoti mbele yake, soksi mkononi, akaniuliza mwenyewe: sasa kwa kuwa hakuna wa kunifukuza tena, nitakaa naye mpaka mwisho wake, sivyo?

Nilimpenda mzee yule. Siku zilizopita ningemkubalia tu, kisha ningemwachia binti yake kazi ya kumweleza. Niliinua uso.

"Hapana, mzee," nikasema. "Mwezi wa tisa naanza chuo."

Akasema nimejibu vizuri, akaninyooshea mguu wa pili. Nikamvalisha soksi huku nalia, naye akawa anatazama dirishani mpaka nilipomaliza.